Tone la Togwa Chini ya Hadubini

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipopewa koti jeupe, na kwa miezi kadhaa nililivaa hata mahali lisipohitajika. Nilitoka nalo nyumbani kwetu Temeke mpaka zahanati nilikofanya kazi, mwendo wa robo saa kwa miguu, ingawa mkuu wangu alikuwa amenikataza. "Koti la maabara linakaa maabara," aliniambia. "Ukitembea nalo unawapelekea watu wa njiani yale unayoyatoa humu." Kwa hiyo nikikaribia mlango nililivua na kulikunja kwapani, na jioni nikishapita kona nililivaa tena. Nilitaka majirani wanione.

Mkuu huyo alikuwa mzee wa Bukoba, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na zahanati nzima tulimwita mzee wa maabara. Chumba chetu kilikuwa na meza ya saruji, jiko la mafuta ya taa la kuchemshia vyombo, na hadubini moja nyeusi yenye kioo chini yake cha kunasia mwanga wa dirishani. Mie nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kuchukuliwa kujifunzia kazini. Kila alasiri, wagonjwa wakishapungua, mzee alinikalisha kwenye stuli akanisomesha.

Alinifundisha ukoo kwa ukoo, kama mtu anayekutambulisha kwa ndugu zake. Bakteria ni viumbe vya chembe moja tu. Vingine ni vya duara, vingine ni vijiti, vingine vimejisokota. Humo mna kipindupindu, kifua kikuu na homa ya matumbo. Protozoa nao ni chembe moja, ila ni wakubwa zaidi na miili yao imepangika zaidi. Wa malaria ni wa ukoo huo, na amiba anayeleta kuhara damu. Virusi ni vidogo mno, hadubini yetu haikuweza kuviona kabisa, na haviwezi kuzaana mpaka viingie ndani ya chembe ya kiumbe kingine. Surua ni virusi, polio ni virusi. Halafu kuna kuvu.

Kuhusu kuvu, daftari langu lilikuwa na mistari mitatu: ukungu wa mkate, mapunye ya kichwani, itaendelea. Siku alipoendelea mie sikuwepo. Nilimtumia ujumbe kwamba nina homa, nikaenda kwenye harusi ya binamu yangu Magomeni na kucheza mpaka soli ya kiatu ikaachia. Niliporudi, mzee aliniuliza kama nimepona, akanipa daftari lake ninakili yale yaliyonipita. Nilikaa nalo siku mbili nikamrudishia bila kulifungua. Mapunye nilikuwa nayajua tangu shule ya msingi, nikaona yanatosha.

Miaka ile karibu kila mtaa ulikuwa na kisomo. Watu wazima walijifunza kusoma na kuandika baada ya kazi, na kwetu walikutana saa kumi alasiri kwenye baraza la ofisi ya tawi la chama. Walikuwa kama thelathini: wafanyakazi wa kiwandani, wachuuzi, akina mama wa nyumbani, na mwenyekiti wa tawi mwenyewe, ambaye kwa kazi yake alikuwa fundi cherehani na hakuona haya kukaa benchi moja na watu wake. Mvua za masika zilipokolea, watu wa mtaa wetu wakaanza kuharisha. Watoto wawili walifariki katika wiki moja. Ndipo mwenyekiti alipokuja nyumbani kwetu, akaketi ukumbini na mama yangu, akaniita.

"Binti, wewe ndiye mtaalamu wetu," alisema. "Njoo utufundishe haya mambo ya vijidudu. Watu wanasema ni uchawi, wengine wanasema ni embe mbichi. Tunataka sayansi."

Mama yangu aliinamisha uso ili furaha yake isionekane. Nilikubali kabla mwenyekiti hajamaliza kusema.

Katika kisomo kile alikuwemo mama mmoja Mngoni, mjane, mzaliwa wa Songea. Alikuwa mkubwa kidogo kuliko mama yangu. Aliuza togwa kwenye lango la kiwanda, uji mwembamba wa mahindi uliochachushwa kwa kimea cha ulezi, na wafanyakazi walikuwa wakimsubiri saa ya mapumziko wakiwa na vikombe vyao mkononi. Ilikuwa togwa nzuri. Nilikuwa nikiinywa mwenyewe tangu darasa la tano. Alikuwa anajifunza kuandika kwa sababu mama yake mzazi alikuwa bado hai kule Songea, naye alikuwa amechoka kuwaomba watu wamwandikie barua. Alisema kuna mambo ambayo mtu hawezi kumwambia mama yake kupitia kwa jirani.

Nilimwomba mzee wa maabara aniazime hadubini kwa alasiri moja. Alikubali kwa shida.

"Utawaonyesha nini?" aliuliza.

"Maji ya kisima."

"Maji ya kisima hayatakuonyesha kitu. Chota kwenye dimbwi lenye majani, hapo utapata protozoa wanaoogelea. Watu watafurahi, na utakuwa na la kusema."

Siku yenyewe niliitumia kupiga koti pasi. Dimbwi nililikumbuka nikiwa tayari nimefika barazani, sanduku la hadubini mikononi na watu wamekwisha kukaa.

Nilianza vizuri. Niliwaeleza koo zote nne, nikachora ubaoni vijiti na viduara. Mtu mmoja aliuliza surua anafananaje, nikajibu kwamba hadubini hii haimwoni, na jibu hilo lilikuwa la kweli. Kisha nikaweka tone la maji ya kisima kwenye kioo, nikageuza kile kioo cha chini kielekee uani, nikamkaribisha mwenyekiti. Aliinama akaangalia muda mrefu.

"Naona mwanga tu," alisema.

Nilirekebisha. Akaja mfanyakazi mmoja wa kiwandani, mtu wa maneno mengi. "Ndugu mwalimu, mbona hamna kitu? Basi maji yetu masafi." Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, lakini masikio yaliniwaka moto. Niliangalia mwenyewe na kweli sikuona chochote.

Mama wa togwa alikuwa amekaa benchi la mbele na ndoo yake miguuni. Alikuwa na kawaida ya kuwaletea wenzake iliyobaki lango la kiwanda likishafungwa, na wachache walikuwa tayari wameshaonjeshwa. Aliponiona nahangaika aliinua mfuniko.

"Mwanangu, weka na hii tuone," alisema.

Alisema hivyo kunisaidia. Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi na sioni sababu nyingine.

Niliweka tone la togwa, nikafunika kwa kioo chembamba, nikainama. Mbele ya jicho langu palikuwa pamejaa. Vilikuwa vitu vya umbo la yai, mamia kwa mamia, vinang'aa kidogo, na vingine vilikuwa vimechipua kitu kidogo ubavuni, kama vinazaa wakati ule ule ninaotazama. Sikuwa nimewahi kuviona. Sikujua ni ukoo gani. Nilipaswa kusema sijui; ni neno dogo tu, na yule mama asingepungukiwa na lolote.

"Hawa hapa," nilisema. "Hawa ndio wadudu wenyewe. Tazameni wanavyozaana."

Walipanga foleni. Kila aliyeinama aliinuka na mguno. Yule wa maneno mengi, aliyekuwa amekunywa vikombe viwili, alikwenda ukingoni mwa baraza akatema mate. Mwenyekiti aliangalia mara mbili na kutikisa kichwa. Mama wa togwa alikuja wa mwisho. Nilimwonyesha jinsi ya kufumba jicho moja. Alikaa pale muda mrefu kuliko wote, na alipoinuka hakuwatazama wenzake, alinitazama mie.

"Hawa wote wametoka mikononi mwangu?"

"Ndiyo, mama," nilisema. "Au kwenye chombo."

Nilimjibu kwa upole, nikiinamisha kichwa kidogo kama nilivyowaona madaktari wakifanya. Upole ule ndio unaonichoma zaidi nikiukumbuka.

"Ahsante, mwanangu, kwa kunionyesha," alisema. Alifunika ndoo yake na kwenda nayo nyumbani.

Kesho yake habari ilikuwa imefika lango la kiwanda. Yule mfanyakazi aliisimulia vizuri kuliko nilivyoisimulia mie: wadudu walikuwa na macho, mmoja alikuwa na mkia. Wiki haikwisha, mama wa togwa alikuwa anakaa langoni na ndoo mbili na kurudi nazo mbili. Watoto wa mtaa walimpigia kelele za "togwa ya wadudu" akipita. Mie nilisimamishwa njiani na watu nisiowajua wakanipongeza kwa kuokoa mtaa. Mwenyekiti alimwambia mama yangu kwamba kuna nafasi za mafunzo ya maabara ya miaka miwili, na kwamba tawi litaandika barua ya kunipendekeza.

Siku ya Jumapili mama wa togwa alikuja kwetu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi kwenye mkeka karibu na mama yangu. Hakuja kulalamika.

"Nimekuja unifundishe," aliniambia. "Mie togwa nimeonyeshwa na mama yangu, naye kaonyeshwa na mama yake. Hatukujua. Sasa wewe unayejua, niambie nifanyeje niwatoe hao wadudu."

Mama yangu alinigeukia, akingoja niseme.

"Ichemshe," nilisema. "Ikishachacha, ichemshe tena mpaka itokote."

Aliichemsha. Ilikuwa nzito, imepoteza ule uchangamfu wake, na ladha ikawa ya uji uliolala. Hata wale wachache waliokuwa bado wanamwonea huruma wakaacha kununua.

Nilikwenda kwa mzee wa maabara kama siku kumi baada ya somo. Nikisema nilisukumwa na dhamiri nitakuwa nadanganya. Nilitaka tu kujua jina la vile vitu vya umbo la yai, maana kisomo kilitaka somo la pili na niliogopa kuulizwa. Nilichukua togwa kidogo kwa mama mwingine wa mtaa wa pili, nikaweka tone, nikamwita mzee. Aliinama kwa muda mfupi sana.

"Chachu," alisema. "Ni kuvu hii, ukoo mmoja na ukungu, ila yenyewe haina nyuzi. Mbona ilikuwemo kwenye daftari?"

Nilijitia kurekebisha kile kioo cha chini.

"Na ukitazama vizuri utaona vijiti vidogo sana katikati. Hao ni bakteria, wale wanaotia uchachu. Kwetu tunakanyaga ndizi za kutengenezea pombe, unadhani nani anaigeuza? Mkate, maandazi, mtindi, vyote ni kazi yao."

"Kwa hiyo hawana madhara?"

"Wanakusaidia. Uchachu ule wadudu wengi wa tumbo hawauwezi. Mama mwenye togwa iliyochacha sawasawa anawanywesha watoto wake kitu salama kuliko maji ya mtaa huu." Aliinuka akanitazama vizuri. "Vyote ni vijidudu, binti. Si vyote vinavyoleta maradhi. Nilikuambia hivyo siku ya kwanza."

Hapo nilimweleza. Nilimweleza kidogo kidogo, nikiliacha lile la maji ya dimbwi, kisha nikalisema na lenyewe. Aliuliza kisima kiko umbali gani na vyoo. Nikamwambia. Alichezea kifuniko cha kalamu.

"Lile tone uliloona tupu ndilo la kuogopa," alisema mwisho. "Bakteria wachache kwenye maji huwezi kuwaona hivi, mpaka uwaoteshe kwanza wawe wengi. Nitamwambia bwana afya achukue maji ya kisima hicho. Wewe nenda kawaambie watu ulikosea."

"Ndiyo, mzee."

Somo la pili nilifundisha kunawa mikono. Mama wa togwa alikuwa amekaa palepale mbele, safari hii bila ndoo, daftari lake limefunguliwa magotini. Nilipanga kusema mwishoni. Mwishoni mwenyekiti alisimama kunishukuru na watu wakapiga makofi, na nikaona makofi yale yatakavyogeuka nikifungua mdomo. Somo la tatu nilifundisha nzi. Nilikuwa nimejipatia sababu wakati huo: mtaa wetu ulikuwa na Waislamu wengi, na nikisema togwa ina chachu, watasema kumbe ni pombe, nitakuwa nimemharibia zaidi. Niliirudia sababu hiyo kichwani mpaka ikafanana na huruma. Lakini ningeweza kusema ina kitu kilekile kinachoumua maandazi, na hakuna mtu Temeke aliyeacha maandazi.

Masomo matatu mama yule alikuja, akakaa mbele, akanitazama mpaka mwisho. La nne hakuja.

Bwana afya alichukua maji, akayapeleka kupimwa, na baada ya muda kisima kikafungwa kwa mbao na misumari. Kuharisha kukapungua. Nilidhani watu wataunganisha mambo wenyewe na kurudi kwenye togwa, nami nitakuwa nimeokoka bila kusema. Hawakuunganisha. Kisima kilikuwa kibaya, na togwa nayo ilikuwa na wadudu. Waliwaona kwa macho yao. Hata mama yangu, aliyekuwa akinunua kila wiki tangu baba alipofariki, hakununua tena, na nilimwacha aamini hivyo nyumbani kwetu wenyewe.

Wakati huo watu wa mjini walikuwa wanahimizwa kwenda kuanzisha vijiji vya ujamaa, na tawi letu lilikuwa linaandikisha wanaopenda. Siku moja natoka kazini nilimkuta mama wa togwa kwenye baraza la ofisi, anaweka sahihi. Hakuweka dole gumba. Aliandika jina lake lote, polepole, herufi kubwa, kisha akalisoma tena kuhakikisha. Alikuwa anakwenda kijiji kimoja upande wa kusini, akalime mihogo na mpunga.

Nilimsindikiza. Koti lilikuwa kwapani, limekunjwa. Tulipofika penye uwazi, mbali na watu, nilimwambia.

"Mama, ile togwa yako haikuwa na ubaya wowote. Wale niliokuonyesha ni chachu tu. Nilikosea."

Aliendelea kutembea.

"Najua haikuwa na ubaya," alisema. "Nimeinywa tangu sijaota meno. Siku ile uliniogopesha, nikaja kwako, nikaichemsha kama ulivyoniambia. Halafu nikakaa nikafikiri. Watoto wangu wanne nimewakuza nayo."

"Sasa mbona uliendelea kuja darasani?"

"Nilikuwa nasubiri uwaambie wao."

Sauti yake haikupanda. Alinitazama kidogo, kama anayetaka kuona iwapo nimesikia, kisha akaniambia nimsalimie mama, akakata kona kwenda kwake. Sikumfuata. Nilisimama pale mpaka mtu mmoja akanipigia kengele ya baiskeli nimpishe.

Aliondoka mwisho wa wiki, kwenye lori pamoja na familia nyingine chache. Sikwenda kumuaga. Nilijiambia niko kazini, na kweli nilikuwa kazini, lakini mzee wa maabara angeniruhusu kama ningemwomba.

Somo lililofuata nilisimama mbele ya watu nikasema. Nilisema yote kwa mpango ulioharibika, nikianzia katikati: kwamba vile vitu vilikuwa chachu, kwamba sikuvijua, kwamba mzee wa maabara aliniambia zamani, kwamba togwa ile ilikuwa salama kuliko maji waliyokuwa wanakunywa. Watu walikuwa wachache siku hiyo, hawakuzidi kumi na tano. Yule mfanyakazi wa maneno mengi alikuwa ameinamia daftari lake.

Mama mmoja wa nyuma aliuliza, "Sasa ulipojua, mbona hukusema yule mwenzetu akiwa bado yupo?"

Nilimwambia nilikuwa naona haya.

"Haya ya nini?"

Yule mama alinitazama usoni, kisha akageukia uani.

Mwenyekiti alikohoa. Alisema kila mtu hukosea, na kwamba nimefanya vyema kusema, kisha akamwita mwalimu wa hesabu aendelee, maana muda ulikuwa umekwenda. Baadaye nilimfuata nikamwomba ile barua ya mapendekezo isiandikwe. Aliniambia ilikwisha kupelekwa tangu mwezi uliopita.

Nilichaguliwa. Nilikwenda kusoma, na somo la kuvu nilipata alama za juu kuliko darasa zima. Kabla sijaondoka nilimwomba mwenyekiti jina la kile kijiji, nikamwandikia mama yule barua kwa herufi kubwa ili aisome mwenyewe. Niliomba radhi, nikamweleza kwamba nimewaambia. Sijui kama ilifika. Jibu halikuja, na sikuandika ya pili.